Mafuvu Matano Ubaoni

Jumapili, 4 Mei

Leo tumetazama filamu ya nyumba isiyo na mlango wa nyuma, kwa Mwalimu Adongo. Tulikuwa watatu kama kawaida. Adongo mwenyewe, anayefundisha fasihi na kutunza maktaba ya shule; Bosire wa hesabu; na mimi, karani wa ofisi. Mvua ilipiga bati kwa nguvu hata sauti ya kompyuta ikamezwa. Tukabaki kusoma maandishi ya chini, na nadhani filamu ilitisha zaidi hivyo, kwa sababu watu walipiga kelele na sisi hatukusikia kitu.

Bosire hakuridhika. Alisema filamu ikibakiza mtu hai mwishoni, yeye hujiona ameonewa.

“Wewe ulizaliwa kuchimba makaburi,” Adongo akamwambia.

“Mwalimu, nenda ukaone daftari za kidato cha tatu. Hiyo ndiyo kazi yangu.”

Adongo aliipa mafuvu matatu. Watu wengine hutoa nyota. Yeye hutoa mafuvu, moja hadi matano, na wanafunzi huyachora kwa chaki kwenye ubao ulio nje ya maktaba, chini yake wakabandika uhakiki wenyewe. Tangu aanze, wasichana wanaoazima vitabu wameongezeka hata rafu ya riwaya ina mapengo.

Mimi pia huandika. Sahihi yangu ni Popo wa Manga, kwa jina la mlima wetu, na wanaojua ni hao wawili tu. Shule ni ya kanisa, nami ndiye karani wa kanisa pia. Nilichaguliwa mwaka jana kwa sababu nina mwandiko mzuri na sina maneno mengi. Kanisani kwetu kitabu cha majini ni kitabu cha majini, hata kama jini mwenyewe anashindwa ukurasa wa mwisho.

Jumatano, 7 Mei

Ukungu tangu asubuhi. Nimechapa ratiba ya mitihani mara mbili.

Jumapili, 11 Mei

Tumejadili riwaya ya sayansi: ulimwengu ambamo watu wote wana vifua vya kioo, moyo unaonekana ukidunda. Adongo ameipenda mno. Alisema mwandishi amekataa njia rahisi. Badala ya watu kuwa wakweli, wamejifunza kuutuliza moyo wakidanganya, na mtoto anayeshindwa hupelekwa kwa mwalimu wa kuutuliza.

“Swali langu ni moja,” Bosire akasema. “Wanavaa shati?”

“Sheria inakataza. Ukurasa wa kumi.”

“Kwa baridi hii ya Manga? Basi hicho si kitabu cha sayansi. Hao wangekufa na nimonia kabla ya sura ya pili.”

Nilicheka hadi nikamwaga chai. Sina mahali pengine ninapocheka hivyo. Nimefikiria jambo hilo njiani nikirudi, na likanitia woga badala ya furaha.

Jumatatu, 19 Mei

Nimebandika uhakiki wangu mpya. Ni wa riwaya inayoitwa Bweni la Sauti. Wasichana wa shule wanaamka asubuhi moja na kila mmoja ana sauti ya mwenzake. Niliandika: “Hakuna damu humu wala pembe wala mkia. Kuna msichana aliyelala macho wazi, anasikia sauti yake mwenyewe ikicheka kitandani kwa mtu mwingine. Sijasoma kitu kilichonifanya niguse koo langu mara nyingi hivi.” Nikaupa mafuvu matano. Sijawahi kutoa matano. Wasichana waliyachora makubwa, yenye meno.

Alhamisi, 22 Mei

Niandike yote kabla sijalala.

Mvua ya mawe ilianza wakati wa gwaride la asubuhi. Mawe makubwa kama maharagwe yaliyoiva, yakaruka juu ya nyasi. Mwalimu mkuu akawaamuru wanafunzi waingie ukumbini, wakabanana mlangoni, na hapo Linet akaanguka. Linet ni wa kidato cha pili, kitinda mimba wa Mzee Machogu, mzee wa kwanza wa kanisa letu na mwenyekiti wa bodi ya shule. Nilidhani ameteleza. Kisha nikaona miguu yake imekakamaa kama mbao na macho yamepanda juu. Alikuwa akipiga kelele, lakini haikuwa sauti ninayoijua. Ilikuwa nzito.

Msichana aliyemshika akaanguka. Kisha mwingine, hatua chache kutoka hapo, ambaye hakuwa amemgusa yeyote.

Adongo alipiga magoti kwenye maji na kumgeuza Linet ubavu, akamfungua kola. “Wapeni hewa! Waondoeni wengine!” Hakuna aliyesogea. Wasichana wote walisimama wakishika makoo yao. Mimi nilisimama pia. Nilikuwa na kengele ya shule mkononi, na sikukumbuka kuipiga.

Mawe yalipokwisha chai yote ya mteremkoni ilikuwa vijiti vitupu.

Ijumaa, 23 Mei

Wawili zaidi wameanguka wakila uji. Sasa ni watano.

Nimepita mbele ya ubao na kuyafuta mafuvu kwa kiganja. Msaidizi wa bweni alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, “Umechelewa, Karani. Mzee Machogu ameshaupiga picha.”

Sabato, 24 Mei

Ibada ilikuwa maombi matupu, asubuhi hadi alasiri. Hospitali imewapima wasichana na kusema hawana ugonjwa. Ni hofu, uchovu wa mitihani na baridi, wapewe mapumziko. Mzee Machogu alisimama mimbarini akarudia neno moja tu katika hayo yote. “Hawana ugonjwa. Daktari mwenyewe amesema. Kama si ugonjwa, ndugu zangu, ni nini?”

Kisha akainua simu yake juu, ingawa hakuna ambaye angeweza kuona kioo kutoka alipoketi. “Mafuvu matano. Wasichana watano. Mtu alitoa hesabu kabla ya tukio.”

Kanisa zima lilivuta pumzi. Nilikuwa mbele kabisa, mezani pangu, kalamu mkononi. Nikaandika maneno yake kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Mwanzoni nilimwona kama mtu anayetafuta wa kulaumiwa. Lakini aliposhuka mimbarini niliona amevaa soksi mbili za rangi tofauti. Kwake hakuna aliyelala tangu Alhamisi. Mtu kama huyo utamwambia nini?

Jumatano, 28 Mei

Baraza la kanisa lilikaa alasiri, na Adongo akaitwa. Yeye ni muumini wa Sabato tangu utoto, binti aliyelelewa kwao huko ziwani, na ushirika wake ulihamishiwa kwetu alipoajiriwa. Bila ushirika hawezi kufundisha hapa. Hilo liko katika barua yake ya kazi, na kila mmoja chumbani alilijua.

Niliandika kumbukumbu. Naziandika tena hapa kama zilivyokuwa, si kama nilivyozichapa.

“Mwalimu,” Mzee Machogu alianza, kwa upole, “haya mafuvu ni ya nani?”

“Ni alama, Mzee. Kama maksi. Kitabu kikitisha vizuri kinapata mengi.”

“Kutisha vizuri.”

“Ndiyo.”

“Kuna kutisha kuzuri?”

“Mzee, hata Danieli ana mnyama mwenye pembe kumi. Tunawasomea watoto Sabato asubuhi.”

Wazee wawili walitazama chini. Mmoja alikohoa, na nikadhani ameficha tabasamu. Mzee Machogu hakutabasamu. “Danieli aliona. Huyu wako ametunga. Aliyeona tunamwamini. Aliyetunga ameyatoa wapi?”

Hilo ndilo swali ambalo sisi watatu tulilijadili Jumapili nyingi kwa furaha, na Adongo alikuwa na majibu mengi mazuri. Chumbani humo yote yangekuwa ushahidi.

Kisha mzee wa pili akauliza, “Na huyu Popo wa Manga ni nani? Ndiye aliyeandika habari za bweni.”

Kalamu iliendelea kwenda, sijui ikiandika nini. Adongo hakunitazama. Hakugeuza hata bega.

“Ni mimi pia,” akasema. “Mwandishi anaweza kuwa na majina mawili.”

“Majina mawili,” Mzee Machogu akarudia polepole. “Karani, andika.”

Nikaandika.

Jumapili, 1 Juni

Hatukukutana. Nimemwona Bosire sokoni Birongo. Alivuka barabara kabla sijafika.

Jumanne, 3 Juni

Nimekwenda kumwona Linet kwao, nikisingizia kupeleka kazi za darasani. Amelala siku nyingi mfululizo na sasa anakula vizuri. Mama yake, Mama Tryphosa, alituachia chai na kwenda shambani kung'oa vijiti vilivyokufa.

Nilimwuliza kama aliusoma ule uhakiki ubaoni.

“Upi?” akasema. “Mimi hata maktaba siingii, Karani. Vitabu vinanipa usingizi.”

“Hukuuona kabisa?”

“Niliogopa ile mvua. Na mtihani wa hesabu ulikuwa siku hiyo, na sikuwa nimelala. Halafu nikaona miguu haipo.” Akacheka kidogo. “Usimwambie Mwalimu Bosire kwamba ni hesabu.”

Nilitoka pale mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Nikamtafuta Mzee Machogu, nikamkuta akirekebisha ua. Nilimweleza yote, nikiwa nimefumbata mikono kama mtoto. Alisikiliza hadi mwisho. Ni mtu anayesikiliza.

“Nashukuru, binti yangu,” akasema. “Lakini sumu haimwulizi mtu kama amesoma kibandiko cha chupa.”

Nilikuwa na jambo moja zaidi la kusema: kwamba Popo ni mimi. Lilikuwa tayari mdomoni. Akaniuliza, “Kuna lingine?” Nikasema hakuna.

Ijumaa, 6 Juni

Ukungu. Wasichana wote watano wamerudi darasani. Kanisani wanasema ni maombi. Maktaba imefungwa kwa kufuli mpya.

Jumapili, 8 Juni

Nimekwenda kwa Adongo nikipitia njia ya migombani ili nisionekane. Nilimwambia nitakwenda kwa baraza niseme.

“Ili wafukuze wawili badala ya mmoja?” akasema. “Mama yako anategemea nani? Kaa, tuongee mambo ya maana. Nimemaliza ile riwaya ya mlima unaohama.”

Akanisimulia: mlima unaochoka kukanyagwa na kuondoka usiku, na kijiji kinaamka kiko tambarare, watu hawajui tena kutembea bila kupanda. Alisema sura za mwisho zimeharakishwa, lakini kuna bibi mmoja anayeendelea kuinua goti juu kila hatua hadi anakufa, na kwa ajili ya huyo bibi peke yake angetoa mafuvu manne. Kisha akajishika mdomo. Tukacheka, na kicheko kikaisha vibaya.

“Kura ya kuniondoa ushirikani ni Sabato,” akasema. “Siogopi sana. Nimefundisha watoto wao wote. Nimekaa matangani kwao. Watanyamaza mbele ya Mzee, sawa. Lakini mkono ni mkono. Mtu hanyoshi mkono wake hivi hivi tu.”

Sabato, 14 Juni

Mkutano wa washiriki, baada ya ibada ya mchana.

Kwetu kura ya ushirika hupigwa vichwa vimeinama na macho yamefumbwa. Wazee wa zamani waliweka hivyo ili ndugu asimchukie ndugu. Hata Mzee anayeongoza hufumba. Mtu mmoja tu huacha macho wazi, naye ni karani. Karani hapigi kura, anahesabu. Siku niliyowekwa kazini niliapishwa kwamba nitakachokiona hapo sitakisema kwa kiumbe, hata kwa mume wangu, hata kitandani pa mauti. Niliona ni kiapo chepesi. Sijaolewa na sikuwa na cha kusema.

Adongo alikaa safu ya tatu, gauni la kijani. Naye aliinamisha kichwa. Ana haki ya kuwapo ingawa hapigi kura juu yake mwenyewe.

“Wanaokubali kwamba dada yetu aondolewe ushirikani,” Mzee Machogu akasema, macho yamefumbwa kweli, kope zinatetemeka.

Sijui nilitegemea nini. Nadhani nilitegemea mikono ya wale ninaowaogopa siku zote. Ilinyanyuka hiyo, kisha ikaanza kunyanyuka mingine, polepole, kama watu wanaojaribu kama mvua imekatika. Mama jirani yake, ambaye Adongo alimpeleka hospitali akijifungua. Mpishi wa shule. Wazazi wa watoto aliowafundisha kusoma upya. Bosire alikuwa wa mwisho. Mkono wake ulifika usawa wa sikio ukasita hapo, kisha ukapanda juu kabisa, umenyooka. Alikuwa amefumba macho kwa nguvu sana hata uso ulijikunja.

Safu ya tatu, katikati ya mikono hiyo yote, kile kichwa kimeinama kikisubiri.

“Wanaopinga.”

Mzee mmoja wa nyuma anayesikia kwa shida, ambaye huenda alidhani bado ni swali la kwanza. Siwezi kujua. Na Mama Tryphosa. Mke wa mwenyekiti, mama wa Linet, aliyekaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mumewe. Aliuinua mkono taratibu, bila sauti ya nguo, akauweka hewani muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Kwa miaka yote nimemwona kama mwanamke asiye na neno.

Waliobaki walikuwa na mikono mapajani.

Basi nilikuwa peke yangu na macho wazi. Ningetaja hesabu yoyote. Ningesema wanaopinga wamezidi, na kila mmoja angefumbua macho akidhani ni wengine. Hakuna kiumbe ambaye angenipinga, kwa sababu aliyenipinga angekuwa anakiri kwamba alitazama. Nimesoma na kuhakiki hadithi nyingi ambamo mtu hupewa dakika kama hii. Huwa najua afanye nini. Huwa namkasirikia akichelewa.

“Karani?” Mzee Machogu akasema.

Nikasoma hesabu kama ilivyokuwa. Sauti yangu ilikuwa safi. Waliopinga: wawili.

Jumatatu, 16 Juni

Nimechapa barua ya kumwondoa kazini. Mwalimu mkuu aliisoma, akaniomba nisogeze tarehe upande wa kulia.

Jumanne, 17 Juni

Jambo limeanza ambalo sikulitazamia. Nilipotoka ofisini jioni, jirani yake Adongo alinisubiri langoni, akasema kwa sauti ya chini, “Karani, wewe uliona. Mimi sikunyosha.” Nilimtazama. Akaendelea, “Nimemwambia Mwalimu mwenyewe. Nimempelekea ndizi.”

Alhamisi, 19 Juni

Mpishi naye. Wazazi watatu. Mmoja alilia. Wote wamekwenda kwa Adongo, na wote wamemwambia. Nyumba yake inasemekana imejaa ndizi na maparachichi kama ya mtu aliyeoza binti.

Nimejiuliza kama wanadanganya au wamesahau. Ukifumba macho, pengine hata wewe mwenyewe huuoni mkono wako.

Ijumaa, 20 Juni

Bosire ameingia ofisini, akafunga mlango.

“Unanifikiriaje?” akauliza.

“Sikufikirii.”

“Sikunyosha, Kemuma. Nataka ujue. Nilikaa hivi.” Akaweka mikono mapajani, akanionyesha.

Nikapanga karatasi zilizokuwa mezani. Alisubiri. Nikaona anaanza kuamini kwamba nimekubali, na uso wake ukatulia, ukawa ule wa Jumapili zetu. Akatoka akipiga mluzi.

Jumapili, 22 Juni

Ameondoka leo.

Nilifika mapema kumsaidia kufunga vitabu. Alikuwa mchangamfu kuliko nilivyotarajia, ananitajia kila aliyekuja na alichosema. Hakuna hata mmoja wao ambaye sikuuona mkono wake ukinyanyuka. Mama Tryphosa hakuwamo. Hakuja. Alikuwa ng'ambo ya barabara tangu asubuhi akikagua machipukizi ya chai yake, na hakuinua kichwa.

“Nilikuambia,” Adongo akasema. “Mkono ni mkono. Watu hawa walinipenda.” Kisha akaacha kukunja nguo. “Lakini, Kemuma, wewe ulisoma wawili.”

“Ndiyo.”

“Walionijia humu hawatoshi kwenye kiti hiki na kile. Bosire yumo. Alinilia hapa, mtu mzima. Wawili wametoka wapi?”

Nilikuwa nimeshika kamusi yake. Niliifungua na kuifunga.

“Mzee Machogu alikutuma?”

“Hapana.”

“Basi uliogopa.” Alisema bila ukali. Ingekuwa afadhali angekuwa mkali. “Mimi nilikuficha. Sijuti, ningefanya tena. Nataka tu uniambie ukweli kabla sijapanda pikipiki. Ulihesabu watu walionitetea, ukaogopa, ukasoma namba nyingine. Sivyo?”

Kiapo kilikuwepo, ndiyo. Lakini hakikuwa kiapo kilichonizuia, naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Nilitazama zile ndizi. Kama ningesema hapana, ningelazimika kuzichukua zote kutoka kwake, moja moja, pamoja na aliyeleta kila kichane. Angeshuka mlima huu bila mtu hata mmoja, isipokuwa mwanamke aliyetugeuzia mgongo kule kwenye chai yake, ambaye jina lake sikuruhusiwa kulitamka.

“Sivyo, Kemuma?”

“Niliogopa,” nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyefika ukurasa aliokuwa ameukisia. Akarudi kukunja nguo.

Pikipiki ilikuja saa nne. Bosire ndiye aliyebeba sanduku hadi barabarani, akalifunga kwa mpira, akalijaribu mara mbili lisitingike. Adongo alimkumbatia kwa muda mrefu. Mimi alinipa mkono.